Diski Iliyosingiziwa

Saa 1:40 asubuhi, siku ya Jumanne katikati ya masika, Mama Mhasibu wa SACCOS moja hapa Tanga alinipigia simu, akaipokea shikamoo yangu, kisha akaniambia maneno ambayo hadi leo nayahesabu kuwa maelezo sahihi kuliko yote niliyowahi kupewa kuhusu kompyuta mbovu: "Mwanangu, mashine inasoma lakini haiandiki." Alikuwa ameweza kufungua ukurasa wa mwanachama, akaliona salio lake na marejesho yake ya mwezi uliopita, lakini kila alipojaribu kuingiza malipo mapya, programu iliyakataa. Nilimwomba asiguse kitu chochote, nikapanda bodaboda.

Seva yenyewe ni ya kawaida. Ni kasha la kusimama lililowekwa katika chumba kidogo nyuma ya kaunta, linaendeshwa kwa Linux, na ndani yake mna diski 2 za kuzunguka, kila moja ya terabaiti 2, zilizounganishwa kwa mtindo wa RAID 1, yaani kila kinachoandikwa kwenye diski ya kwanza huandikwa pia kwenye ya pili. Kilicho ndani yake ndicho kisicho cha kawaida: akiba na mikopo ya walimu, wachuuzi wa samaki, mama lishe na madereva, watu ambao wengi wao hawana akiba nyingine mahali popote. Nilipofika, baadhi yao walikuwa wameshakaa kwenye benchi wakisubiri, na nilipita mbele yao nikiwa na uzito moyoni ambao mafundi wenzangu wataufahamu.

Kwenye skrini, keneli, yaani kiini cha Linux kinachoviendesha vifaa, ilikuwa imeandika kwamba mfumo wa faili, ule mpangilio wa kuhifadhi faili kwenye diski, umegeuzwa kuwa wa kusoma tu. Asiyeijua tabia hii huidhania kuwa ndiyo uharibifu wenyewe, kumbe ni kinga. Mfumo wa faili wa ext4, unaotumika kwenye Linux, ukiwa umepewa agizo la kujikinga hivyo, mara tu unapokutana na kosa katika taarifa zake za ndani huacha kuandika, ili kosa la sehemu moja lisisambae na kuharibu mengine yaliyo salama. Ndiyo maana Mama Mhasibu aliweza kusoma asiweze kuandika. Niliiwasha upya, ikajikagua, ikaamka, na kazi ikaendelea. Siku 4 baadaye, Jumamosi asubuhi, ikarudia vilevile.

Kila mtu alisema ni diski. Mwenyekiti alisema ni diski, kijana aliyewafungia intaneti alisema ni diski, na mimi pia nilisema ni diski. Tulikuwa na sababu. Diski ya aina hii ni miongoni mwa vifaa vichache ndani ya seva ambavyo bado vina viungo vinavyotembea, na vinavyotembea huchakaa. Tena diski ndiyo inayotajwa kwa jina katika ujumbe wa kosa. Keneli haina njia ya kujua kwamba kebo imelegea au kwamba umeme umepungua; inachojua ni kwamba iliagiza kitu kutoka kwenye diski na hakikuja. Kwa hiyo huandika jina la diski, na sisi tunaosoma huligeuza jina hilo kuwa hukumu.

Kabla ya kutafuta mkosaji, hata hivyo, kuna kazi moja inayotangulia, na ninaisisitiza kwa sababu nimewaona mafundi wazuri wakiiruka kwa haraka ya kutaka kuonekana wametengeneza. Seva inayoshukiwa kuwa na diski mbovu hunakiliwa kwanza. Haikaguliwi kwanza, na wala hairekebishwi kwanza. Amri ya fsck, ambayo wengi huikimbilia, hurekebisha mfumo wa faili, na kurekebisha maana yake ni kuandika. Ukiandika juu ya diski ambayo huna hakika kama inakisoma sawasawa kilichomo, unaweza kufuta kile ambacho kingeokolewa. Kubadilisha diski moja ya RAID 1 na kuacha mfumo uijaze mpya nako kuna hatari yake, maana kujaza huko hulazimu diski iliyobaki isomwe yote, mwanzo hadi mwisho, kwa saa nyingi bila kupumzika, na ikiwa nayo ni mgonjwa, basi umemchagulia siku ya kufa.

Jumamosi ile, baada ya kaunta kufungwa, niliiwasha seva kutoka kwenye flashi, nikachomeka diski ya nje, nikaanza kunakili kwa ddrescue, programu iliyoandikwa na Antonio Diaz Diaz. Naipenda kwa sababu ina busara ya mvuvi mzoefu: huvua kwanza maji mepesi, yaani husoma upesi sehemu zote zinazosomeka, ikikwama mahali huruka na kuweka alama kwenye faili yake ya ramani, kisha hurudi baadaye kwenye zile sehemu ngumu kidogo kidogo. Umeme ukikatika katikati ya kazi, huendelea pale ilipoachia. Nilianza na diski iliyokuwa ikitajwa zaidi. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikitazama namba: zaidi ya megabaiti 110 kwa sekunde, mstari wa makosa ukiwa sifuri. Mbu walikuwa wengi na mvua ilikuwa ikipiga bati. Baada ya karibu saa 5, diski nzima ilikuwa imesomwa kila sekta, yaani kila kipande kidogo cha kuhifadhia data, na mstari wa makosa ulikuwa bado sifuri.

Usiku ule nilifurahi kwa kuwa akiba za watu zilikuwa salama. Ilinipasa pia nishangae. Diski iliyodaiwa kushindwa kusoma mara 2 ndani ya wiki moja ilikuwa imesoma terabaiti 2 bila kujikwaa hata mara moja.

Diski za leo hujiandikia taarifa za afya zao kwa utaratibu uitwao SMART, na programu ya smartctl huzisoma. Taarifa hizo ni orodha ndefu ya namba, lakini fundi huanza na chache. Namba 5 huhesabu sekta zilizoharibika zikahamishiwa kwenye akiba ya diski yenyewe. Namba 197 huhesabu sekta zinazosubiri hukumu, yaani zilizokataa kusomeka na bado hazijaandikwa upya. Namba 198 huhesabu zile zilizoshindikana wakati diski ilipojikagua yenyewe. Kwenye diski zote mbili za SACCOS, hizo tatu zilikuwa sifuri. Namba 199 kwenye ile iliyotajwa zaidi ilikuwa 41, na nitairudia.

Nimewahi kuitibu seva ambayo diski yake kweli ilikuwa inakufa, katika shule moja ya sekondari huko Pangani, na picha yake ni tofauti kabisa. Pale namba 197 ilikuwa 8 siku ya kwanza, 16 siku ya pili, 40 mwisho wa wiki. Ilipanda kwa nane nane kwa sababu diski nyingi za sasa huhifadhi data kwa vipande vya baiti 4,096 lakini huviripoti kwa hesabu ya zamani ya baiti 512, hivyo kipande kimoja kikiharibika huonekana kama sekta 8. Ukilisogeza sikio, ulisikia mkono wa kusomea ukirudi mwanzo na kujaribu tena, tik, kimya, tik. Faili zilezile ndizo zilizokwama kila siku, mahali palepale. Ugonjwa wa diski huwa na anwani. Ule wa SACCOS haukuwa na anwani yoyote: mara faili za hifadhidata, mara za mfumo, mara logi, yaani kumbukumbu ya matukio ya mashine.

Pamoja na hayo, sifuri za SMART haziachii huru diski, na hapa ndipo nilipojipa kisingizio cha kuendelea kuishuku. Mwaka 2007 watafiti wa Google, Eduardo Pinheiro, Wolf-Dietrich Weber na Luiz André Barroso, walichapisha matokeo ya kufuatilia diski zaidi ya 100,000 zilizokuwa kazini kwao. Waliona kwamba diski ikipata kosa lake la kwanza la kujikagua, uwezekano wake wa kufa ndani ya siku 60 ni mara 39 kuliko wa diski isiyo na kosa hilo. Lakini waliona pia kwamba zaidi ya asilimia 56 ya diski zilizokufa hazikuwa zimeonyesha dalili yoyote katika zile namba kuu nne walizozitegemea. Kwa maneno mengine, ikilia uiamini, ila ikinyamaza usiichukulie kuwa nzima. Mashine ilipoganda mara ya tatu, siku ya Jumanne, Mwenyekiti aliniuliza kwa upole mbele ya wanachama, "Sasa tunangoja nini, mwalimu?" na mimi nikashika nusu ya utafiti iliyonifaa, nikanunua diski mpya kwa fedha za chama.

Hilo lilikuwa kosa, na sitaki kulifunika. Sikuwa na ushahidi dhidi ya diski ile. Nilikuwa na mazoea tu, na aibu ya kukaa kimya mbele ya watu wanaosubiri. Jambo jema pekee nililofanya siku hiyo ni kwamba, mara tu baada ya kuiwasha diski mpya kwa mara ya kwanza, nilizinakili namba zake zote za SMART kwenye daftari langu la karatasi, pamoja na zile ambazo sikuwa na sababu ya kuzijali.

Siku 6 baadaye seva ikaganda tena, ikiwa na diski mpya.

Sasa nilirudi kwenye namba 199. Hii huhesabu makosa yaliyotokea njiani, kati ya diski na madabodi, ubao unaounganisha vifaa vyote vya seva: data ilitumwa, ikafika ikiwa imebadilika, upande wa pili ukagundua na kuikataa. Ni kama kifurushi kilichofika na lakiri iliyovunjika. Mpokeaji hawezi kumlaumu aliyefunga mzigo, humuuliza aliyeubeba. Diski mpya, ambayo namba hiyo ilianza sifuri, ilikuwa tayari imefika 3. Kosa la namna hii husababishwa na kebo iliyochoka, viunganishi vilivyolegea au kushika kutu, na hapa pwani, ambako hewa yenyewe ina chumvi, kutu haihitaji miaka mingi. Linaweza pia kuletwa na umeme usiotulia unaoingia kwenye diski, ila siku ile akili yangu ilishika kebo. Niliizima seva kabisa, nikabadilisha kebo zote mbili za data, nikasafisha viunganishi kwa spiriti ya kusafishia vifaa vya elektroniki, nikaiwasha. Siku 2 baadaye ikaganda.

Kilichonikosesha usingizi wakati huo ni ukosefu wa shahidi. Seva ikianguka, fundi hutumia amri ya journalctl kusoma logi ya kabla ya kuanguka, akitafuta mistari ya mwisho. Logi zangu zilikoma kwa amani kila mara. Mstari wa mwisho ulikuwa wa saa 04:58 kwa saa ya mashine, yaani saa 10:58 alfajiri, ukisema kwamba kazi fulani ya kila saa imeanza, kisha hakuna kitu. Sababu yake ni rahisi mtu akitulia kuifikiria: logi huandikwa kwenye diski, na diski zikipotea, hakuna pa kuandika kwamba zimepotea. Keneli inaujua ukweli wote na inausema, lakini inamsemea mtu aliyezibwa masikio.

Dawa yake ni netconsole, uwezo uliomo ndani ya keneli ya Linux wa kutuma ujumbe wake moja kwa moja kupitia mtandao hadi kwenye kompyuta nyingine, bila kupita kwenye diski. Niliiweka laptopu yangu ya zamani kwenye meza ya Mama Mhasibu, ikiwa na programu ya kupokea na kuhifadhi kila kitakachotumwa. Ningeifanya kazi hiyo ya robo saa siku ya kwanza, chama kisingenunua diski. Leo ni jambo la kwanza ninalofanya kwenye seva yoyote inayoanguka bila kuacha maelezo.

Usiku wa tatu laptopu ilipata habari. Saa 05:02 alfajiri diski ya kwanza iliacha kujibu, na katika sekunde hiyohiyo diski ya pili nayo ikaacha kujibu. Keneli ikajaribu kuamsha njia zote mbili. Safari hii ziliamka, seva ikaendelea na kazi, na asubuhi hakuna mtu aliyejua kwamba kulitokea jambo. Nilipotazama nyuma kwenye usiku uliotangulia nikaona ilikuwa imetokea pia, tena karibu saa ileile. Kumbe seva ilikuwa ikinusurika mara nyingi kuliko ilivyokuwa ikianguka.

Diski mbili, moja ya miaka 4 na nyingine ya wiki moja na siku kadhaa, za viwanda tofauti, hazipatani kuugua sekunde moja. Zikinyamaza pamoja, fundi huacha kuzitazama zenyewe na kutafuta kinachozihusu zote. Kanuni hii ina hali zake za pekee, na moja ni ya kutisha: mwezi Novemba 2019 kampuni ya HPE ilitangaza kwamba baadhi ya diski zake za SSD, zile zisizo na viungo vinavyotembea, zilikuwa na kasoro katika programu yao ya ndani, iliyozifanya zife zinapotimiza saa 32,768 za kuwashwa, sawa na miaka 3, siku 270 na saa 8. Diski zilizofungwa pamoja siku moja zingetimiza saa hizo pamoja, na RAID isingemwokoa mtu. Lakini hata pale kilichoziua kilikuwa kitu zilichoshiriki. Zangu zilishiriki vitu viwili tu: kontrola ya madabodi inayoziongoza, na pawa saplai, kifaa kinachoigawia seva umeme.

Kumbukumbu ya RAM, ambamo kompyuta hushikilia data inapoifanyia kazi, niliipima usiku mmoja kwa programu ya Memtest86+, ikamaliza mizunguko yote bila kosa, na sikuendelea nayo. Niseme tu kwamba RAM haistahili kudharauliwa. Utafiti wa mwaka 2009 uliofanywa pia kwenye mashine za Google ulionyesha kuwa karibu theluthi ya mashine hupata angalau kosa moja la kumbukumbu kila mwaka, na RAM yenye kosa inaweza kuharibu data kimyakimya kisha diski ikabebeshwa lawama. Niliishuku pia mitetemo ya jenereta iliyo nyuma ya ukuta, kwa sababu naijua ile onyesho la mwaka 2008 la mhandisi Brendan Gregg, wa Sun Microsystems wakati huo, aliyepiga kelele mbele ya safu ya diski na ucheleweshaji wake ukapanda papo hapo kwenye grafu. Lakini siku hizo jenereta haikuwa imewashwa.

Nikaamua kulala pale. Jioni, kabla Mama Mhasibu hajafunga, nilisoma tena namba za SMART za diski mpya na kuzilinganisha na zile za daftarini, safari hii zote, moja baada ya nyingine. Namba 12 huhesabu mara ambazo diski imewashwa kutoka kwenye kuzimwa kabisa. Haimo katika orodha ya namba za ugonjwa, na nilikuwa nimeiruka kila mara. Siku niliyoifunga ilikuwa 3. Tangu hapo nilikuwa nimeizima seva kabisa mara 2 tu, mara ya kwanza kwa ajili ya kebo na mara ya pili nilipotoa RAM na kuzisafisha. Zile nyakati nyingine zote, hata baada ya kuganda, niliiwasha upya kwa kitufe cha kuanzisha, ambacho hakikati umeme wa diski. Ilipaswa kuwa 5. Ilikuwa 10. Nikaangalia namba 192, inayohesabu mara ambazo mkono wa kusomea umelazimika kurudi kwenye maegesho kwa dharura kwa sababu umeme umekatika ghafla. Ilianza sifuri. Sasa ilikuwa 5.

Nilikaa muda mrefu nikizitazama namba hizo mbili. Diski ilikuwa imeandika, kwa mkono wake na kwa hesabu kamili, kwamba imekatiwa umeme mara 5 ndani ya seva ambayo haikuzimwa. Ile tuliyoitoa bila shaka nayo iliandika hivyohivyo, na mimi niliifungua skrubu nikaitoa bila kuisoma.

Mlinzi wa zamu ya usiku ni mzee mmoja mtulivu, mstaafu wa bandari. Nilimwamkia, akaniitikia marahaba, na nilipomweleza ninachokitafuta akasema, bila kusita, "Mwanangu, hiyo mashine yenu hukata pumzi pampu ikianza. Mimi huisikia kila alfajiri." Nilimwuliza pampu ipi. Akanionyesha uani: pampu mpya ya maji, kubwa kuliko ile ya zamani, iliyofungwa mwanzoni mwa mwezi uleule ambao seva ilianza kuanguka. Huwashwa maji ya bomba yanapokuja na nguvu, kabla ya mji kuamka, ili kujaza tangi. Hakuna aliyefikiria kunieleza, kwa kuwa pampu si kompyuta, nami sikuwa nimemwuliza hata mara moja mtu pekee aliyekuwa macho saa hizo.

Tulisimama wote wawili ndani ya chumba cha seva, mlango ukiwa wazi. Saa 11 kasorobo alfajiri akatoka kwenda kubonyeza swichi. Taa ya tyubu juu yangu ilififia kwa kitambo kidogo, UPS, kifaa cha betri kinachoishikilia seva umeme unapoyumba, ikatoa mlio wa "ta" wa kubadili njia, na ule mvumo wa diski, ambao kwa kuzoea nilikuwa sitambui tena kuwa nausikia, ukashuka kama sauti ya mtu anayesinzia, kisha ukapanda tena. Feni hazikusimama. Taa za mbele za seva hazikuzimika. Nilisoma namba 12: ilikuwa 11.

Mambo yaliyobaki yalijieleza. Mota ya pampu, inapoanza kuzunguka, huvuta mkondo wa umeme unaoweza kufika mara 5 hadi 7 ya ule inaoutumia ikishatulia, na kwa kitambo hicho volti za jengo zima hushuka. UPS ya aina iliyokuwa pale haiendeshi mzigo kwa betri muda wote. Ikiona volti zimeshuka ndipo hubadili kwenda kwenye betri, na mabadiliko hayo kwa kawaida huchukua milisekunde 4 hadi 10. Katika upenyo huo, pawa saplai ya seva hujitegemea kwa umeme uliohifadhiwa ndani ya kapasita zake, na iliyo nzima hutakiwa kuvumilia takriban milisekunde 16. Iliyochoka haifiki. Kwa hiyo UPS ilifanya kazi yake, pampu ilifanya kazi yake, na kati yao kulikuwa na sehemu ya mia ya sekunde ambayo hakuna aliyeishika. Umeme wa volti 12, ambao ndio huzungusha mota za diski, ulipungua kwanza. Madabodi ilivumilia, diski hazikuvumilia. Alfajiri ambazo hifadhidata ilikuwa kimya, diski ziliamka na mambo yakapita. Alfajiri ambazo kazi ya kunakili ya usiku ilikuwa bado inaandika, mfumo wa faili ulikutana na ukuta.

Asubuhi niliipima pawa saplai kwa multimita huku diski zote mbili zikisomwa na prosesa ikipewa kazi nzito. Volti 12 zinaruhusiwa kupungua hadi 11.4. Zilikuwa 11.2, hata bila pampu. Niliipeleka kwa fundi wa vifaa vya umeme Ngamiani, na nawasihi wasomaji wasiifungue wenyewe, kwa sababu kapasita kubwa ya ndani hubaki na umeme wa kuua hata baada ya kuchomolewa ukutani. Yeye aliiondolea umeme kwanza, kisha akanionyesha: kichwa cha kapasita hiyo kimevimba kama mfuniko wa kopo lililoharibika, na chini yake kuna utando wa kahawia uliokauka. Ilikuwa imeandikwa maikrofaradi 470. Kipimo chake kilisoma 180. Joto ndilo lililoila. Mafundi huhesabu kwamba kila nyuzi 10 za ziada hupunguza uhai wa kapasita za aina hiyo kwa nusu, na kiyoyozi cha chumba kile kilikuwa kikizimwa kila jioni kwa ajili ya kubana matumizi.

Tulinunua pawa saplai mpya, fundi umeme akaitengea pampu waya wake kutoka kwenye bodi kuu, na Mwenyekiti akakubali kiyoyozi kiachwe usiku. Nilimweleza yeye na kamati kwamba diski niliyowanunulisha haikuhitajika, nikaacha sehemu ya ujira wangu. Mama Mhasibu alisema diski haitapotea bure, na ndivyo ilivyokuwa. Ile ya zamani niliipima kwa siku 2 mfululizo, kuandika na kusoma kila sekta, na haikuonyesha kasoro. Sasa inakaa ndani ya kabati la chuma nyuma ya kiti chake, na kila Ijumaa saa 10 jioni huichomeka mwenyewe, husubiri nakala ikamilike, huichomoa, na kuifungia kwa ufunguo.

Namba 12 ya diski mpya ilipanda hadi 12 siku tuliyobadilisha pawa saplai. Nilipita wiki iliyopita, vuli zikiwa zimeanza. Ilikuwa bado 12.